Mikono ya Ledi

Mama yangu wa chapati za Gatina,

Jana ulinikatia simu ukisema mtandao ni mbaya. Mtandao wa huko ocha, kijijini ulikorudi, naujua, Mama, na sauti yako ukidanganya pia naijua. Nilikuuliza jambo moja tu: utakuja Nairobi nikipewa digrii? Ukanijibu, "Anti yako ataenda. Mimi nitaona picha."

Najua kidonda kilikotoka. Nilikuwa kidato cha pili, siku ya wazazi, nawe ukaja mbio kutoka kibandani, unga mpaka viwikoni. Nami, mjinga wa wajinga, nikakwambia mbele ya wenzangu, "Mama, si ungenawa? Wamama wengine wamekuja kama maledi." Ulificha mikono ndani ya leso. Tangu siku hiyo ni anti aliyekuja shuleni. Haki, naona aibu mpaka leo.

Na mikono hiyo ndiyo ilinisomesha! Nilipokwambia nitasomea historia ya maneno ya Kiingereza, uliacha kusukuma chapati, ukashika kiuno: "Woi! Miaka yote hiyo darasani, na bado hamjajua maana yake?" Wateja walicheka, mmoja akapaliwa na chai.

Sasa sikiza nilichokipata kwenye kamusi za kale. Hili neno ledi halikuanza na viatu virefu wala mkoba. Waingereza wa zamani waliunganisha neno la mkate na neno la kukanda. Likatafunwa midomoni miaka na mikaka, likafupika, mpaka likabaki ledi. Mkanda mkate, Mama! Na lodi, bwana wa ledi, je? Mlinda mkate. Yaani soja wa chapati zako.

Siku niliyoyasoma hayo nililia pale maktaba mpaka dada wa dawatini akaniuliza kama nimefiwa. Nikaandika sura nzima ya tasnifu yangu juu ya neno hilo. Profesa wangu aliuliza kwa nini nimeling'ang'ania. Jibu ni wewe.

Nisamehe, Mama. Uwanja mzima wa shule ulikuwa na ledi mmoja tu, nami nikamwambia anawe. Anti nampenda, lakini yeye chapati hununua. Njoo wewe. Asubuhi hiyo tukandie unga hapa kwangu, tule, tushibe, kisha twende hivyo hivyo.

Usinawe.

Kifungua mimba wako