Kondoo wa Kwenye Simu

Førde, Novemba

Mpendwa mdogo wangu Åshild,

Pokea salamu kutoka huku kwenye mvua. Natumai mgongo wako umetulia, na kwamba huko Tromsø theluji imeshaanguka, maana kwetu ni matope tu. Sisi tu wazima, ila mimi situlii. Tangu nianze barua hii nimeshainuka kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Unajua tangu nipandikizwe kile kifaa sikioni, maneno nayasikia vizuri, lakini muziki ni kelele tupu, vijiko ndani ya droo. Yule mtaalamu wa masikio hospitalini akanipa mchezo wa simu. Noti mbili zinalia. Ukitambua kama ya pili imepanda au imeshuka, kondoo anaruka uzio. Ukikosea, anajigonga na kukutazama vibaya. Torleif alinicheka, eti mke wake anachunga kondoo wa simu ilhali wetu wa kweli wako kwa jirani wanamaliza kabichi.

Nilicheza kutwa, viazi vikaungua. Nikapanda ngazi baada ya ngazi. Torleif, na mdomo wake unavyomwasha, akatangaza kwenye kahawa baada ya ibada kwamba mkewe amepona. Kwaya nzima ikashangilia. Bjørg wa sauti ya pili, yule anayelia hata kwenye harusi za watu asiowajua, alilia, akasema hawajaimba vizuri tangu niwaache, na Krismasi hii lazima niwaongoze mimi. Nikakubali. Nilitaka mno, Åshild. Ndipo nikakuandikia ukate tiketi uje kutusikiliza.

Juzi nilikuwa nakanda unga, mikono imejaa siagi, nikaiweka simu mezani nikawa nabonyeza kwa kifundo cha kidole. Nusu ya kondoo wakajigonga. Nikadhani simu imeharibika. Nikanawa, nikaishika kiganjani: wakaruka wote. Nikairudisha mezani: nusu wakajigonga tena. Kumbe simu hutetemeka zaidi noti ikiwa ya chini. Miezi yote hii kiganja ndicho kilichokuwa kikicheza, sikio limelala.

Torleif hajui bado. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, na naona aibu, na naogopa, maana kwaya haishikiki kiganjani. Tafadhali usirudishe tiketi. Njoo usimame wewe mbele yao uwaongoze, wewe mwenye masikio mazima. Jumatano kwenye mazoezi nitawaambia mwenyewe, kabla Bjørg hajapata nafasi ya kulia.

Mchezo nimeuanza upya, ngazi ya watoto. Simu naiweka juu ya mto, mikono naikalia, nabonyeza kwa pua. Torleif amepita mara mbili, akauliza kama kondoo wana harufu.

Msalimie Sverre, na watoto uwabusu wote, hata yule asiyependa.

Leo asubuhi, katika kumi nilipata sita. Tano mtu huzipata hata kwa kubahatisha. Lakini ile moja ilipanda, Åshild, na niliisikia ikipanda.

Wako akupendaye,
Gunnvor