Udongo Usiopokea Jembe

Mama yangu,

Shikamoo. Umeamkaje, na kifua chako kinauvumiliaje ukungu wa asubuhi? Mimi mwili ni mzima, ila moyo umechoka. Sikufichi.

Mdogo wangu Hoza ameniandikia kwamba Idi ikipita anauza shamba la bondeni, apate nauli ya kunifuata huku Norwe. Anasema tangu lije hilo soko huria, wachuuzi wa Dar ndio wanaojipangia bei, na kabichi zinamuozea sokoni Mombo. Namwelewa. Lakini Mama, mzuie.

Kazi ipo, siwezi kusema haipo. Kiwanda cha samaki kinatuleta sisi wageni kwa sababu vijana wa hapa wenyewe wamekimbilia miji ya kusini. Sasa samaki nao wamepungua, na tunasikia kiwanda kitafungwa. Nyumba nyingi zimepigiliwa mbao madirishani. Nyanya zinakuja kwa ndege, zimeviringishwa mojamoja kama mayai. Na baridi! Nilijidai mtoto wa Lushoto, baridi gani itanitisha? Ile yetu ni mzaha, Mama. Hata jua huku limeondoka, mchana tunawasha taa.

Wiki chache zilizopita Yusufu, Msomali niliyekaa naye chumba kimoja, alianguka kazini akafa. Kwetu ukisikia msiba huulizi, unabeba jembe unakwenda kuchimba. Nami nikaazima jembe stoo, nikaenda makaburini peke yangu. Ardhi imekuwa jiwe. Nilipiga mpaka viganja vikapasuka, na wapita njia wakadhani nimerukwa na akili. Msimamizi wetu wa kiwandani akaja akanishika bega.

“Acha,” akasema. “Huku anayekufa wakati wa baridi anasubiri mpaka ardhi ilainike.”

Nikamwambia maiti wetu hasubiri. Yusufu bado yumo kwenye chumba cha barafu hospitalini.

Mama, naogopa. Pale bondeni ndipo alipolala baba, na ndio udongo pekee nilionao duniani. Mkiuuza, nitarudi wapi, hata nikiwa maiti? Mwambie Hoza simzibii riziki, namwambia nililoliona.

Nisalimie bibi, mjomba Shemboko na dada Zaina na wanawe.

Mwanao,
Mbelwa

Mama, nilikuwa sijafunga bahasha, nimempigia simu Msomali mmoja wa mjini kumuuliza lini Ramadhani inakwisha tufungue. Ameniambia Idi ilikuwa juzi. Mimi leo bado nilikuwa na saumu. Barua za huku huchukua mwezi kufika, na Hoza alisema Idi ikipita. Naituma hivyohivyo.