Mguu Wangu wa Kulia

Katubuka, Kigoma

Dada Merina,

Shikamoo. Huku tu wazima. Wale samaki migebuka uliowatuma na boti ya Mwamgongo walifika, Yuliana akawapika kwa mawese, na mtoto wetu Wema akalamba sahani. Ameanza kusimama dede.

Majuzi alisimama kwa kunishika mguu wa kulia. Mguu ukamtupa, dada, kabla sijajua. Akapasuka mdomo. Yuliana hakunigombeza, alinipeleka tu kwa mshauri wa zahanati, mama mmoja anaitwa Diana.

Hakuniuliza mengi. Aliniambia nivue viatu, nikanyage sakafu kwa nguvu, nitoe pumzi taratibu, kisha niuache mguu ufanye unachotaka. Niliona upuuzi. Ukatetemeka, halafu ukapiga teke, mara tatu, nami nalia mbele ya mwanamke nisiyemjua. Akasema mwili hutunza hofu, na mguu wangu bado uko ziwani.

Ni kweli. Siku boti yetu ilipozama, nilikuambia wimbi lilimchukua mumeo Feliksi. Ukanikumbatia, ukamshukuru Mungu kwa kukubakizia mdogo wako. Nikakaa kwenye matanga yake, nikala, nikashiba.

Halikuwa wimbi. Shemeji alinishika mguu huu majini, nami nikampiga teke mpaka akaachia. Mara tatu.

Tangu nimwambie Diana, mguu umetulia. Wema anaushika na kusimama. Hata huko kutulia kwa mguu kunanitia aibu mbele yako.

Mdogo wako, kama bado unaniruhusu kujiita hivyo,
Ignas