Kikanyagio cha upande wa kushoto

Shoga, mwanangu amekikata. Amekikata, nakwambia.

Kile kikanyagio kipana cha kushoto kwenye pikipiki ya marehemu mume wangu, alichonichomelea mwenyewe kwa sababu mimi hukaa upande na gauni langu.

Kaja anang'aa. "Mama, tazama, sasa pande zote zimelingana. Ilikuwa kama mtu mwenye mguu mmoja mnene."

Nikamuuliza kiko wapi.

"Kimeenda na vyuma chakavu."

Vyuma chakavu, shoga.

Sikumgombeza, maana alitaka kunifurahisha. Akasema nipande anizungushe. Nikakaa upande kama siku zote, miguu ikatafuta pa kukanyaga, ikaning'inia tu.

Marehemu alikuwa haondoi pikipiki mpaka nimwambie, "Nimekanyaga."

Mwanangu akauliza, "Tayari, Mama?"