Usimwage Saruji Kabla ya Kumuuliza Mama

Bweni la wafanyakazi,
Nyuma ya karakana.
Tarehe 14 Julai.
Mwaka wa nne tangu niondoke nyumbani.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Nimeiweka mwanzo kabisa kwa sababu nikifika katikati ya barua hii sijui kama adabu itakuwa bado imebaki. Kwa hiyo ipokee sasa ikiwa nzima.

U hali gani, na huo mgongo unaendeleaje? Shemeji hajambo? Na yule kitinda mimba wenu, bado ananyonya kidole au ameona aibu akaacha? Nawawaza wote. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila joto la huku miezi hii si la mchezo. Bati la bweni linaanza kulia tangu asubuhi, na godoro linakuwa kama limetolewa jikoni. Tukirudi kazini tunamwagia sakafu maji, tunalala chini, kila mtu anamlaani mwenzake kwa harufu ya viatu. Hivyo ndivyo tunavyoishi.

Barua yako niliipata. Asante kwa picha ya watoto. Asante pia kwa habari kwamba Mama yuko kwa mama mdogo akimsaidia kulea mjukuu mpya. Hizo ndizo asante zangu, zimekwisha.

Kaka, nimekasirika. Sikuandika barua hii ili nikubembeleze. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu kila nikianza kukupinga mtandao wako unaharibika. Karatasi haina mtandao. Utasoma mpaka mwisho, na ukiitupa, shemeji ataiokota aisome yeye.

Umeniuliza, kwa kuwa sasa mimi ni fundi wa kupanga vitofali na kumwaga zege, nikueleze namna ya kuifunika bustani ya Mama iliyo nyuma ya nyumba, ukuta hadi ukuta, kabla hajarudi. Umesema unataka kumshtukiza. Umesema jiko lake la nje utalibomoa, paka utawagawa kwa majirani, na gari lako litapata pa kulala. Umemalizia kwamba Mama amechoka kuinama, sasa apumzike. Nilipofika kwenye hilo neno niliisukuma barua chini ya godoro, nikatoka nje nikakaa juani kama mjinga.

Ngoja nikueleze kwa nini, maana ukidhani ni wivu wa mdogo kwa mkubwa utakuwa umekosea nyumba.

Juma lililopita tulipelekwa kwa bibi mmoja anayeishi peke yake na paka wake. Mwanawe ndiye aliyeagiza kazi. Bibi huwa anateleza akienda bombani kumwagilia, kwa hiyo mwanawe alitaka njia nyembamba ya vitofali, kutoka kibarazani mpaka bombani, basi. Kazi ya siku moja. Tulikuwa sisi vibarua wanne na msimamizi wetu tunayemwita Kofia, kwa kuwa hajawahi kuivua, na tunaamini ndani yake hamna kitu.

Bibi alitupokea vizuri. Alikuwa ameketi kibarazani anashona blanketi la viraka. Hujawahi kuona, nikuchoree kwa maneno: anachukua nguo kuukuu, anazikata vipande vya mraba, anaviunga mpaka vinakuwa kama shuka. Chini yake anatandaza shuka jingine, katikati pamba, halafu anapitisha sindano juu mpaka chini, kote kote, kwa mkono. Paka mmoja amelalia upande ulioshonwa, mwingine anavizia uzi. Kila akivuta sindano lazima kwanza amwombe paka ruhusa. Alituambia tusijisumbue kutafuta chakula, anapika yeye, mboga za uani alishachuma. Mwenzangu Mrefu akaninong'oneza kwamba akipata mama mkwe wa namna ile anaoa hata kama binti hayupo.

Sasa usikilize hapa, maana ni mambo ya kazi yetu.

Mpimaji hutangulia. Anapigilia vigingi, anavifunga kitambaa chekundu, anaondoka zake. Sisi tukija tunachimba palipo na chekundu. Hatuulizi. Tumefundishwa hivyo, na kwa kweli tunapenda hivyo, kwa sababu asiyeuliza halaumiwi. Kwa bibi yule mpimaji alikuwa ameweka vigingi vyake kando ya ukuta. Lakini tulipoingia uani tuliona vyekundu kila mahali, mistari kwa mistari, mpaka kwenye uzio. Ardhi yenyewe tupu, imekauka kwa jua.

Mrefu akauliza mbona njia ya bibi ina upana wa kupita lori. Kofia akamjibu, "Wewe umeletwa kuchimba, hukuletwa kufikiri."

Tukachimba. Mimi pia nilichimba, Kaka, sijifichi. Tukasomba udongo, tukamwaga kokoto, mtu wa zege akaanza kuchanganya. Na bibi yuko pale, upande wa pili wa nyumba, karibu kiasi kwamba tulikuwa tukisikia akimkemea paka.

Joto likanizidi nikaenda kibarazani kuomba maji. Sufuria ilikuwa jikoni inachemka, harufu ya vitunguu imejaa nyumba nzima. Bibi akanipa maji, na mimi nikinywa nikatazama lile blanketi magotini pake. Nikaona viraka vyekundu. Wekundu uleule. Nikamuuliza kitambaa kile amekitoa wapi, naye akaniambia kwa raha zake, "Ni pazia langu la zamani. Nusu liko hapa, nusu nimelifunga kwenye vigingi vya bustani, nisisahau mbegu nimezifukia wapi."

Maji yakanipalia.

Nilikimbia, lakini nilikuwa nakimbilia nini? Karoti zilikuwa chini ya kokoto, na vitunguu, na sijui nini kingine. Vingine vilikuwa vimeanza kuchipua, vidogo kama nyuzi, nasi tulivikanyaga kwa viatu vya chuma tukidhani ni majani. Nikamwambia Kofia asimamishe. Akaniambia kigingi ni kigingi.

Bibi akatokea nyuma yangu, sindano mkononi na kastabani bado kidoleni. Nilidhani atalia. Wala. Akamwendea Kofia mpaka wakakaribia kugusana pua, akamwambia, "Nilikuwa nimekaa pale. Tangu asubuhi nimekaa pale. Mdomo ulikuwa unakuuma?"

Kofia akaanza habari za mpimaji. Bibi akamwambia mpimaji hali mboga zake. Akamwita mwizi, kisha akajirekebisha, akasema hapana, mwizi anachagua kinachofaa, ninyi hata hilo hamkuweza. Kisha akaingia ndani. Akatoka na sufuria ile ya chakula chetu, nyama na mboga na mchuzi mzito, akaiinamisha kwenye sinia la bati pale uani, akawaita paka. Walikuja hata wa jirani. Sisi tumesimama na mabeleshi, matumbo yanaunguruma, tunatazama paka wakila jasho letu.

"Hawa hawakuchimba kitu," akasema.

Mrefu akasema pole pole kwamba leo tumeshushwa cheo chini ya paka.

Mwanawe akafika mchana, baada ya Kofia kumpigia simu. Mtu mpole, mavazi safi, anamshika mama yake bega. Na hapa ndipo nilipochemka, Kaka, kwa sababu hakukasirika hata kidogo. Alitazama ule uharibifu kama mtu aliyerahisishiwa kazi. Akamwambia mama yake si neno, maadamu pameshachimbwa, tumwage zege pote tu, mboga atamletea kutoka sokoni, naye apumzike na kuinama.

Bibi akamuuliza, "Nani alikuambia nimechoka kuinama?"

Hakuna aliyemwambia mwanawe. Alijiambia mwenyewe, akajiitikia mwenyewe, akamlipa mtu wa zege.

Basi bibi akavuta kiti chake cha kibarazani, akakipeleka katikati ya ile kokoto, akaketi, akalitandaza blanketi magotini katika jua lile, akaendelea kushona. Paka walioshiba wakamfuata wakajilaza miguuni. Kofia akazunguka huku na huku. Mwana akabembeleza, akanong'ona, akatazama saa. Zege likaganda kwenye toroli. Mpaka tunapakia zana kwenye gari bibi hajainua kichwa, isipokuwa mara moja kumuuliza Mrefu kama anaweza kumtungia uzi, macho yamepoteza ukali. Mrefu akatunga.

Kesho yake tulirudishwa kuzoa kokoto. Tulizoa moja moja, kwa mikono. Udongo umebaki umechanganyika na vumbi la saruji, na haijulikani kama utaotesha tena kitu. Bibi hakutusalimia, na sikumlaumu.

Siku mbili baadaye ndiyo ikaja barua yako.

Sasa uelewe kwa nini niliisukuma chini ya godoro. Si kwamba wewe ni mtu mbaya. Ungekuwa mbaya ningekuwa na kazi rahisi. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni nilipovunjika mguu, ndiye uliyemwezekea Mama paa wakati mimi sina mbele wala nyuma. Najua unampenda. Ila unampenda kama mtu anayepanga vyombo vya mwenzake kabatini. Kila kitu kinakaa vizuri, na mwenye vyombo haoni tena kijiko.

Na kuna jambo moja linalonichoma kuliko yote. Yule bibi alikuwepo. Alikuwa na kiti cha kuketia na mdomo wa kututukania. Mama yetu hatakuwepo kabisa, na ndiyo maana umeuchagua mwezi huu. Ungekuwa na hakika kwamba atafurahi ungemngoja arudi. Umemngoja aondoke.

Unasema amechoka. Umemsikia akisema? Mimi nimemsikia akisema amechoka na kelele za redio yako. Amechoka na shemeji kumwambia asikae sakafuni. Kuhusu bustani sijamsikia. Juzi kwenye simu alikuwa ananieleza jinsi anavyomwagilia kwanza mboga, halafu anakaa kwenye kizingiti cha lile jiko la nje kuchambua majani, na paka wake anakuja kuomba hata asichokila. Alieleza kwa kirefu mpaka pesa zangu za simu zikaisha. Kule kwa mama mdogo anahesabu siku za kurudi, si kwa ajili yako wala kwa ajili yangu. Ni maboga yake.

Kwa hiyo vipimo ulivyoniomba sikupi. Sikwambii saruji kiasi gani na mchanga kiasi gani. Ukienda kwa fundi mwingine, huko ni kwako, lakini ujue kwamba nimekukataza kwa maandishi, na shemeji ni shahidi.

Ninachokuomba ni kidogo, ni cha mtu wa darasa la sita. Mpigie Mama. Usimwandalie maneno, usimwambie utamfanyia nini. Muulize anataka nini pale nyuma, halafu unyamaze, akae hata dakika nzima bila kujibu, usimjazie. Akisema pafunikwe, nitapafunika mimi kwa mikono yangu na vitofali nitavipanga vizuri kuliko vya ofisi yoyote. Akisema paachwe, gari lako lilale nje, halina baridi yabisi.

Nimemaliza ukali. Unisamehe nilipozidi, ila nilipopatia usinisamehe, ufanye.

Nisalimie shemeji, mwambie simchukii, anapika vizuri na kila mtu anajua. Nisalimie watoto, yule mkubwa aendelee na shule asije akaishia kubeba kokoto kama baba yake mdogo. Nisalimie mama mdogo na huyo mgeni wake wa nepi, na shangazi wa ng'ambo ya barabara, na jirani yetu fundi viatu, nina deni naye la salamu za miaka. Wale paka nao, kama bado wapo. Wawe wapo. Mungu awatunze, awape afya na usingizi, na wewe akupe moyo wa kusubiri.

Kuhusu mimi: jana nilimwambia Kofia naondoka mwisho wa mwezi huu. Akaniambia nikiondoka kabla ya mkataba kuisha, nafasi yangu itachukuliwa na mtu mwingine kabla sijafika kituoni. Na ichukuliwe. Mama anarudi nyumbani Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane. Mimi nitaingia Jumamosi ya kuamkia siku hiyo, asubuhi, nitapita mlango wa nyuma. Nikikuta bustani, nitaimwagilia kabla hajafika. Nikikuta saruji, sururu yangu naibeba.

Ni mimi mdogo wako wa mwisho, akupendaye hata akiwa amefura,

Kibarua