Bramwel Anayelala Kwetu

Ganjoni, Mombasa
Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kwa kaka yangu Ngowa, huko Doha,

Assalaam alaykum. Nilikuwa nimeandika "Mpendwa" hapo juu, nikalikata kwa kalamu, na alama unaiona. Sikutaka kuanza barua kwa uongo.

Hali yako? Nakuuliza kwa sababu Mama alinilea kwa adabu na hakuna barua isiyokuwa na kujuliana hali. Joto la huko limepungua? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa? Sisi huku wazima. Mama miguu humvimba jioni, lakini sukari haijapanda, anakula, anasali. Mimi ni mzima, na hasira zangu nazo nzima.

Barua hii anakuletea Swafia, binti wa mama mdogo, anayerudi kazini huko. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asiipitishe kwa mtu. Nimeandika kwenye karatasi kwa kuwa ujumbe wa simu huusoma ukanyamaza, na nikikupigia unakata. Karatasi hii utaisoma mpaka chini, maana nakujua, huwezi kuvumilia kutojua yanayotendeka nyumbani kwetu.

Nianze na ruta, ndiko fitina ilikotoka. Ulipoagiza tufungiwe Wi-Fi nilifurahi, sikatai. Ulisema ni ya Mama, apate kukuona uso badala ya kusikia sauti inayokatikakatika. Fundi akaja, akatoboa ukuta karibu na dirisha, akavuta waya, akaiweka ruta juu ya kabati la vyombo na kuchomeka plagi. Akatuonyesha taa: hii ikiwa kijani mambo sawa, ikiwa nyekundu mnipigie. Alipotaka kunifundisha namna ya kuweka jina na neno la siri, ukampigia ukamwambia aache, kwamba utafanya mwenyewe kutoka huko kwa programu iliyo kwenye simu yako. Fundi wa watu akanitazama, akafunga mkoba wake, akaenda zake.

Jina ukaweka NYUMBA YA NGOWA. Tena kwa herufi kubwa! Jengo zima wakifungua simu zao wanasoma kwamba nyumba ni ya Ngowa, na wewe hujalala humu tangu Baba azikwe. Neno la siri nalo likawa refu, herufi kubwa na ndogo na vialama vya ajabu, Mama akaligonga kwa kidole kimoja mpaka miwani ikaingia ukungu. Mwisho nikamwekea mimi. Tulisema, mwache, ndiyo raha yake.

Kumbe programu hiyo inakuonyesha kila simu iliyoingia kwenye Wi-Fi, jina lake, imeingia lini na imetoka lini. Hilo hukutwambia. Najua kazi yako huko ni kukaa mbele ya skrini ukilinda milango ya watu, lakini sisi si mlango wa mwajiri wako. Ukaanza: Mejumaa, mbona jana ulichelewa kurudi? Mejumaa, mbona leo hukwenda kazini? Nikawa nawashuku majirani bure, nikidhani kuna anayekupelekea maneno.

Halafu ukamwona Bramwel.

Bramwel unamjua vizuri. Ni karani wa bandarini, anakaa nyumba ya chini yetu na mkewe Nanjala. Ndiye aliyelishika jeneza la Baba kwenye zile ngazi nyembamba wakati wewe ulikuwa bado uwanja wa ndege. Basi ukaona kwenye simu yako kwamba Bramwel huingia kwetu Magharibi na hatoki mpaka asubuhi. Kila siku. Ungekuwa ndugu ungenipigia ukaniuliza, hata kwa matusi: Mejumaa, huyu ni nani? Ningekujibu, na mambo yangeishia hapo.

Hukunipigia. Ulimpigia ami Masha, ndugu wa Baba, huko Kaloleni, ukamwambia dada yako analaza mwanamume wa watu, tena mwenye mke, chini ya paa moja na mama yake mzazi. Na kwa kuwa Baba hayupo na walii wangu katika ndoa ni wewe, na ulikuwa umekwisha kumpa ami idhini aniozeshe kwa Chonga aliyeniposa, ukamwambia idhini umeiondoa. Ndoa hakuna. Kisha ukaifungia simu yangu isiingie kwenye Wi-Fi, kana kwamba kuniaibisha mbele ya ukoo hakujatosha. Astaghfirullah, Ngowa!

Ami alikuja na wazee wawili. Mimi nikadhani wamekuja kupanga habari za harusi, nikakimbilia jikoni kuweka chai. Hata kumimina sikumaliza. Ami hakuweza kunitazama. Alimwambia Mama huku ameinamia mkeka, "Shemeji, tumekuja kwa jambo la aibu. Huyu Bramwel anayelala kwako, tunamtaka."

Mama akacheka. Wallahi alicheka, alidhani ni utani wa shemeji. Alipoona hawacheki akaegemea ukuta, akaniita jina langu polepole, na nilipomwangalia nikaona kwamba kwa kitambo kidogo naye aliingiwa na shaka. Mama yangu! Hilo pia umelifanya wewe.

Maneno yakashuka ngazi kabla ya wazee kuishika chai. Nanjala akapanda mbio, unga wa chapati mikononi, mumewe nyuma yake hajavua hata viatu vya kazi. Hakupiga hodi. "Mejumaa, mimi nimekukosea nini?" Ni hayo tu aliyosema. Mwanamke ambaye Idi hula kwetu na Krismasi nikala kwake, amesimama mlangoni haingii. Nilitamani ardhi inimeze.

Ami akamwonyesha Bramwel ile picha uliyomtumia, ya orodha iliyo kwenye simu yako. Bramwel akaisoma, akairudia. Kisha akamgeukia Mama, "Mama, ile simu yangu uliyochukua mwaka jana, iko wapi?"

Iko wapi? Iko mkononi mwa Mama, imevaa kifuko cha kitambaa alichokishona mwenyewe! Simu kuukuu ya Bramwel, aliyomuuzia Mama alipopata nyingine, na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha jina. Hutoka asubuhi kwa sababu Mama huenda nayo Ndia Kuu, dukani kwa Fadhiya, wanakoshona kofia. Hurudi Magharibi kwa sababu Mama hurudi Magharibi. Hukesha kwa sababu miguu humuuma na yeye husikiliza mawaidha mpaka usingizi umchukue. Bramwel anayelala kwetu ni mama yako, ewe Ngowa!

Na hebu nikuulize. Kwenye hiyo orodha yako uliiona simu yangu, ukaiona televisheni, ukamwona Bramwel. Ya Mama uliiona wapi? Unazungumza naye uso kwa uso kila jioni kwa Wi-Fi hiyo hiyo, hukujiuliza anaingilia mlango gani? Mlinzi gani wewe?

Wazee wakaomba radhi. Ami alimshika Bramwel mkono kwa mikono yake miwili. Nanjala akanikumbatia na unga wake, akalia, nami nikalia. Nilidhani yamekwisha. Ami akakupigia hapo hapo, akaiweka simu kwenye spika, akakueleza mwanzo mpaka mwisho. Ukasema, sote tukisikia, kwamba hata kama ni simu ya Mama, wewe umeshatoa neno lako na hulirudishi kwa ajili ya mwanamke. Idhini hutoi. Ukakata.

Hapo ndipo nilipokujua. Kosa la simu ningekusamehe, kila mtu hukosea. Lakini sasa ukweli unaujua na bado unanizuia, kisa umekwisha kuwahadithia wenzako wa chumbani huko na unaona vibaya kusema ulikosea. Mimi nikae bila mume ili wewe usichekwe na watu wanne mnaopika nao wali? Huna hata chembe ya aibu.

Mama yake Chonga naye alikuwa amesikia, akaleta ujumbe kwamba wao wanangoja mambo yatulie. Nilijua maana ya kungoja huko. Lakini Chonga mwenyewe alivuka Feri jioni ile ile kutoka Likoni, akakaa mbele ya Mama, akasema, "Mimi nimeposa mtu, sikuposa simu." Nayaandika maneno yake hapa ili uyasome, ujue wanaume husemaje.

Kesho yake nikafanya jambo ambalo lilitakiwa kufanywa tangu siku ya kwanza. Nilimpigia fundi, akanielekeza. Nikapanda juu ya kiti, nikachomoa pini kwenye mtandio wangu, nikaitia kwenye kitundu kidogo cha kufuta mipangilio nyuma ya ruta, nikaishikilia mpaka taa zote zikazima. Zilipowaka tena nikaigeuza nikasoma lile neno la siri la kiwandani lililobandikwa chini yake, nikaingia kwa simu yangu, nikaweka jina jipya na neno jipya. Hata lile neno la kuingilia kwenye mipangilio yenyewe nikalibadilisha, fundi alinisisitizia nisilisahau. Lo! Kazi yenyewe ni ndogo kuliko kufunga mtungi wa gesi, na miezi yote hiyo tulikuwa tukikuomba ruhusa. Kisha nikaiingiza simu ya Mama, nikaipa jina la Mama. Programu yako haitakuonyesha kitu tena, na usinipigie kuniuliza. Mama hujazuiwa kumwona. Utamwona akitaka yeye kukupigia.

Lakini ruta ina kitundu cha pini, na idhini ya ndoa haina. Ami alisema hawezi kuniozesha bila ya wewe kukubali, kwa kuwa kaka ndiye wa karibu zaidi. Basi nikaenda kwa Kadhi.

Kadhi alinisikiliza bila haraka. Akakutumia ujumbe ujieleze. Uliusoma, hukujibu. Akakupigia mwenyewe, ukamwambia uko zamu. Akasema anataka mtu wa nyumbani anayetujua sote wawili, aje aseme kama una sababu ya haki ya kunikatalia. Nilitaka kumpeleka ami. Mama akasema la, atakwenda yeye.

Alivaa buibui lake la Idi. Unajua mwenyewe, hapa jengoni yeye ni Mama Ngowa, dukani kwa Fadhiya ni Mama Ngowa, muuza maziwa humwita Mama Ngowa. Karani alipomwuliza jina akajibu, "Kadzo binti Kiti." Nikageuka kumtazama. Kadhi akamwuliza mwanawe ana sababu gani ya kukataa. Mama alivuta buibui lake likakaa sawa. Kisha akasema, "Hana sababu. Nimemzaa mimi, namjua. Ni kiburi tu." Karani hakusikia vizuri, akamwomba arudie apate kuandika. Akarudia.

Kwa hivyo nitaolewa Ijumaa hii baada ya sala, na Kadhi ndiye atakayesimama mahali pako. Barua hii itakufikia mambo yamekwisha. Nimemwambia Swafia asiondoke mpaka ale pilau ya harusi, na nimefanya makusudi.

Ami Masha anakusalimu, kwa shingo upande. Fadhiya anakusalimu. Bramwel na Nanjala wanakusalimu, nao wana moyo kuliko mimi. Wasalimie jamaa wa Kaloleni walioko huko, na hao wenzako wa chumbani uwamalizie hadithi uliyowaanzia. Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri na usilale na kiyoyozi kimewashwa.

Mungu akuhifadhi huko ugenini, akupe afya, akupe na haya.

La mwisho, kisha nafunga bahasha. Tulipotoka kwa Kadhi, Mama alitembea mbele yangu mpaka nyumbani. Alipofika alijilaza na buibui lake vile vile, uso ukutani, na chakula nilichompelekea sikukikuta kimeguswa. Mimi langu nimelipata, alhamdulillahi. Lakini wewe umemfanya mama yetu asimame mbele ya watu asiowajua, amshuhudie vibaya mwanawe wa kwanza, tena mara mbili. Mengine yote huenda siku moja nikayasahau. Hilo sikusamehe.

Dadako wa tumbo moja, nitake nisitake,
Mejumaa