Mlio Uliouacha Gongoni

Mpendwa Zuhura,

Jina lako limekaa hapo juu peke yake na linanikera, lakini neno lililokuwa likilitangulia nimekatazwa kulitumia, kwa hiyo acha kwanza likae hivyo. Tangu asubuhi naanza barua hii na kuinuka. Naenda uani, natazama betri nilizozianika juu ya ukuta, nazigeuza zipate jua upande wa pili, narudi kukaa. Mama ameniuliza kama nina homa. Nimemwambia ni joto tu.

Sitakuzungusha. Kaka Hamadi anaoa kesho. Binti anatoka Lusu, kule Nzega, watu wa jembe, na mimi ndiye ninayetakiwa kumwingiza ndani. Unaijua desturi ya nyumba yetu: dada wa bwana arusi anasimama mlangoni na tari, anawaita kwa majina wote walioingia nyumba hii wakiwa maharusi, kuanzia bibi yetu aliyekuja kwa miguu na msafara kutoka Ujiji, mpaka anamfikia bibi arusi wa siku hiyo. Akisikia jina lake ndipo anavuka kizingiti. Siku yako nilikuita wa mwisho, ukavuka kwa mguu wa kulia huku unacheka chini ya ushungi. Kesho wa mwisho ni mwingine. Mama ameniagiza kwamba nikishamtaja yeye, niende moja kwa moja kwa binti wa Lusu. Aliyeachwa haitwi mlangoni, ndivyo alivyosema, na akaendelea kuchambua mchele.

Hilo ndilo lililoninyima makalio ya kukalia. Wewe nikikuruka kesho, utakuwa hujaingia kabisa nyumba hii.

Habari zako ni za kuokoteza. Mmoja anasema mmehamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Kasulu, mwingine anaapa umevuka ziwa. Kwa hiyo barua hii naiacha wazi. Atakayeisoma akakujua, na akufikishie.

Unaikumbuka Jumapili ya filamu ya maji? Lilikuwa onyesho la alasiri, lile la akina mama, ambalo mwanamume pekee humo ndani alikuwa mwendesha mashine, naye kafungiwa chumbani kwake juu kama kuku anayeatamia. Tuliingia na mabuibui yetu na karanga zetu kutazama filamu ya Kihindi. Wewe ulikaa katikati ya safu, mahali pako pa siku zote, maana ndiye uliyekuwa ukitutafsiria. Ulikulia Ujiji ukuta kwa ukuta na Wahindi, ukakijua Kihindi chao, basi kila Jumapili sauti yako ilikuwa juu ya sauti za wacheza filamu, na sisi tulilia pale uliposema tulie.

Kumbe sanduku la filamu yetu, lililokuwa likirudi kutoka Kigoma, lilishushwa Kaliua kwa makosa na kupandishwa treni ya Mpanda. Mwendesha mashine akaona afadhali atuwekee chochote alichonacho. Alichokuwa nacho kilikuwa filamu ya Ulaya iliyotolewa na ubalozi mmoja wa nchi ambayo jina lake tulilijua kwa sababu ya matrekta tu. Haikuwa na rangi, haikuwa na nyimbo, na haikuwa na mtu mzuri hata mmoja. Mwanamke mzima anamenya viazi. Nje wenzake wanapakia vyombo kwenye mikokoteni. Kikombe kiko mezani na maji ndani yake yanatetemeka. Wanawake wa Gongoni hawakuvaa kanga mpya kuja kutazama viazi.

Halafu ukaja ule mlio. Haukuwa zumari, haukuwa fidla, haukuwa kitu chochote chenye ngozi au uzi. Ulianza chini kama nyuki ndani ya mtungi, ukapanda taratibu, ukasimama juu ukitikisika. Ukumbi mzima ukadhani mashine imeharibika. Wengine walipiga makofi, wengine walidai warudishiwe viingilio, na mwendesha mashine, maskini, naye akaamini amekosea, akapunguza sauti mpaka ikakatika.

Hapo ukasimama, Zuhura. Ukageuka kukitazama kitundu cha mwanga ukutani na kumwambia yule mtu airudishe sauti. Kisha ukatugeukia sisi. "Nyamazeni. Hawa hawaimbi kwa midomo. Huo mlio ndio wimbo wao."

Ukaanza kututafsiria. Lugha ile hukuijua hata salamu, na sote tulijua hukuijua, lakini ulitafsiri kwa kuufuata mlio. Ukipanda, ulisema huyu mama ameambiwa ahame na hataki. Ukishuka, ulisema anakumbuka aliyemzika nyuma ya nyumba. Kilipoonyeshwa kile kikombe tena, kwa muda mrefu hata karanga zikaacha kutafunwa, ulisema kwa sauti ndogo kwamba sasa yeye hasemi, nyumba ndiyo inayosema. Mwisho maji yaliingia mlangoni kwake, bonde lote likawa ziwa, na wanawake waliodai viingilio walikuwa wanajifuta kwa ncha za buibui. Mpaka leo sijui kama kisa kilikuwa hicho. Najua tu kwamba miaka ya baadaye, malori yalipokuja kuwahamisha watu vijijini, niliziona nyumba zimebaki wazi nikausikia ule mlio masikioni.

Baada ya siku ile hukutulia, na mimi ukanivuruga. Filamu za ubalozi zilikuwa zimerundikwa pale sinema, hakuna aliyezitaka. Mwendesha mashine aliziweka siku za uchovu, na watazamaji tulikuwa sisi wawili na mtu mmoja aliyekuja kulala. Tuliona ile ya dada wawili wazee wanaopaka nyumba chokaa filamu nzima na hawamalizi. Nilipiga miayo. Wewe ulinibana paja, ukanionyesha jinsi yule mdogo anavyopaka kwa haraka na yule mkubwa polepole, kwa sababu mkubwa hataki kazi iishe. Nikaacha kupiga miayo. Nadhani hata huko kwao filamu zile watu walizipita tu, kama tunavyopita sisi mlangoni kwa jirani asiye na sherehe. Wewe ndiye uliyepiga hodi.

Ngoja nikageuze betri.

Nimerudi. Mama yuko uani sasa, ananitazama anavyomtazama mbuzi aliyekaribia mahindi.

Kisha ukaanza kuutafuta ule mlio kwenye redio ya kaka. Yeye alikuwa barazani kwenye cherehani yake tangu asubuhi hadi Magharibi, na wewe ukimaliza kupika ulikaa mkekani na ile redio mapajani, unazungusha kitufe taratibu, sio kutafuta stesheni ila kutafuta pale katikati ya stesheni, ambapo wengine wote tunapita haraka. Huko ndiko ulikokuwa mlio. Uliugundua mwenyewe kwamba ukisogeza kiganja karibu na antena unapanda, ukikiondoa unashuka. Ulikuwa unaupigia mkono hewani bila kugusa kitu, na mimi naambatisha tari taratibu chini yake. Bibi zetu walipita njia hii na mizigo kichwani wakipigiwa ngoma ili miguu isahau uzito. Nilikuuliza siku moja huu wako ni wa msafara gani, ukacheka, ukasema ni wa msafara usio na njia.

Na ile alasiri tulipomnasa mtangazaji wa Kiingereza! Nilikutafsiria mimi safari hii, kwa kile Kiingereza changu cha darasani. Alisema kwamba muziki uliokuwa ukipigwa umetengenezwa na mitambo ya umeme, na kwamba wapo watu Ulaya, wengine wanawake, wanaokaa vyumbani na nyaya na vitufe kuutunga, na kwao pia watu wanauliza kama kitu kimeharibika. Uliishikilia redio mpaka stesheni ikapotea yenyewe. "Kumbe tupo wengi," ukasema. Sijamwona mtu akifurahi kiasi kile kwa ajili ya watu asiowajua.

Tukaupeleka kwenye harusi ya jirani wa nyuma yetu, unakumbuka, mimi na tari na wewe na redio. Mama wa bibi arusi aliomba kinga kwa Mungu kwa sauti ya kusikika. Lakini shangazi wa bwana arusi, mtu mzima wa miguu mibovu, alisimama akacheza peke yake, macho amefumba, na alipokaa alituambia sauti ile aliwahi kuisikia utotoni, upepo ukivuma kwenye nyaya za simu za reli.

Sasa nifike panapouma. Betri zilikuwa zimeadimika kuliko sukari. Kaka alikuwa nazo zile zile, akizianika juani kila asubuhi zipate nguvu za kumfikisha kwenye taarifa ya habari, nawe ulizimaliza mchana. Siku ya ile hotuba kubwa ya redioni aliwakaribisha wazee wa mtaa, viti vikatolewa barazani, kahawa ikapita. Akawasha redio. Ikatoa mlio wako mwembamba, ukapanda, ukatikisika, ukafa. Jirani mwenye duka akamuuliza kaka kama mkewe kafuga jini humo ndani, na baraza lote likacheka.

Kaka si mtu mbaya, Zuhura. Ni mtu anayeogopa kuchekwa, na mtu wa namna hiyo hukata hata mkono wake mwenyewe ili kicheko kiishe. Nilimwambia siku ile ile kwamba betri hununuliwa, mke hanunuliwi. Mama pia alimsihi, ingawa leo anasahau. Kaka alikupa talaka yako kabla mwezi haujaandama, na wiki hiyo hiyo akaniletea redio akaniambia niichukue, hataki kuiona. Siku hizi anasikilizia habari kwa jirani yule yule aliyemcheka. Mbavu za mbwa hazifichiki, na za kaka yangu nazihesabu nikiwa huku ndani.

Mimi na Mama tulikusindikiza stesheni kupanda garimoshi la Kigoma. Mama alishaniambia njiani nisikuite tena wifi, maana talaka ikishatoka wifi hakuna, kuna mtu na jina lake. Alisema bila ubaya, kama mtu anayekukumbusha kufunga mlango. Wewe ulikuwa nyuma yetu na fuko lako, ukasikia. Ulipokuwa umeshakaa dirishani ukainama ukaniuliza, "Sasa utaniita nani?" Nikafumbua kinywa, honi ikalia, mabehewa yakavutana, na wewe uliyejua kusikiliza kila kitu hukuweza kunisikia. Ukanionyesha sikio lako kwa kidole. Ulitaka nirudie au ulikuwa unaniambia niusikilize mlio wa garimoshi? Nimeligeuza jambo hilo kuliko ninavyogeuza betri hizi.

Binti wa Lusu alikuja juzi na shangazi yake. Aliniamkia shikamoo kwa kupiga goti, nikamwitikia marahaba, na nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Sikuweza. Aliiona redio kwenye kabati akauliza kama inasema. Niliiwasha kwa zile pumzi zake za mwisho, nikaipeleka pale katikati. Hakushtuka. Alisogeza kiganja mwenyewe, mlio ukapanda, akakiondoa, ukashuka, akakirudisha. Aliniuliza wimbo huu ni wa nani. Mama alikuwa amekaa palepale, nami nikasema chai inapoa.

Kesho nitampigia tari, Zuhura, maana mtoto wa watu hana kosa, na nitampenda. Nitasimama mlangoni. Nitamwita bibi yetu wa msafara. Nitamwita Mama. Kisha nitaweka tari chini. Redio itakuwa kwenye kiti nyuma ya pazia, na betri hizi, zikipata jua la kutosha leo, zitanitosha kwa jina moja. Nitaiwasha pale katikati ya stesheni, nitainua mkono, na mlio utapanda mbele ya wanawake wote wa Gongoni. Waliokuwa ukumbini Jumapili ile watajua ni nani ameitwa. Mama atajua. Kaka, huko barazani na wanaume wenzake, atasikia, na wakimcheka safari hii atajua cha kufanya au hatajua. Binti wa Lusu atapata jibu lake. Ndipo nitamwita naye, aingie nyuma yako, kama ilivyo haki yake na yako.

Jua limeanza kulalia upande wa stesheni na itabidi nizihamishie betri ukuta wa pili kabla kivuli hakijazifikia. Popote ulipo, kesho baada ya swala ya Alasiri, kama karibu nawe ipo redio, ipeleke pale katikati ukae kidogo.

Talaka aliandika kaka yangu. Mimi sikuandika. Uliniuliza swali dirishani na garimoshi likajibu kabla yangu, basi nalijibu sasa.

Wifi yako,
Gongoni, Tabora